Foleni ya Nusu Dakika

Dereva yule alikuwa amechoka hata kusalimia. Lori lake lilikuwa kwenye foleni ya kuvuka kwenda Zambia, mbele ya studio ya picha niliyofanyia kazi hapa Tunduma. Mwenye lori, aliyekaa Dar es Salaam, hakuamini kwamba foleni haiendi. Alisema dereva anazurura, na alikuwa amemtuma msimamizi aje kumnyang'anya ufunguo.

"Dogo, huna namna ya kuwaonyesha?" akaniuliza.

Nilitikisa kichwa tu. Kuongea na watu kulinichosha kuliko kazi. Lakini kesho yake asubuhi niliiweka kamera dirishani, nikaiunganisha na kompyuta kuukuu ya studio. Nilikuwa nimeiwekea mfumo wa Linux na programu za bure alizonipa fundi mmoja kwenye flashi, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzirekebisha. Maelezo yake yalikuwa ya Kiingereza, nami niliishia darasa la saba, kwa hiyo nilijifunza kwa kubonyeza na kukosea. Programu moja iliifanya kamera ipige picha kila dakika. Nyingine iliziunganisha zikawa video.

Jioni msimamizi akafika. Mimi na dereva tulimpa stuli mbele ya skrini, nikabonyeza. Siku nzima ikapita kwa nusu dakika. Wauza maji waliruka kama panzi, vivuli vikakimbia, lori likasogea kuelekea mpakani, likasogea tena.

Msimamizi akacheka. "Mbona linateleza? Lete ufunguo, kaka."

"Bosi, hiyo ni kutwa nzima!"

"Kutwa gani ya nusu dakika?"

Dereva akanigeukia, macho mekundu. Nikarudi kwenye programu, nikaiambia kila picha ikae muda mrefu kabla ya kuipisha inayofuata. Kompyuta ikaanza kuunguruma. Tulisubiri, watu watatu.

Video ya pili ikaanza. Lori. Lori. Lori, na dereva anakunja mkeka. Lori. Shati limeanikwa kwenye kioo cha pembeni. Lori, shati lile lile. Msimamizi akabadilisha mkao, akapiga miayo.

"Peleka mbele."

"Mimi nani alinipelekea mbele?" dereva akamjibu.

Lori. Muuza karanga akapita, akabaki hapo hapo mguu juu. Lori.

"Hapo ni saa ngapi?"

"Bado saa tatu asubuhi," nikasema.

Akasimama, akashika kiuno, akampigia mwenye lori. "Tajiri, mwache tu huyu. Mimi nimeshindwa kuitazama, yeye anaishi humo."

Dereva hakushangilia. Alikaa kwenye stuli iliyoachwa wazi, akafumba macho. Nje gari la mbele yake likawasha injini, na utingo wa dereva akamwita. Akainuka taratibu, akatoka, kabla lori jingine halijamchomekea kwenye foleni.