Mashariki ni Kulia

Mwalimu wa ramani haanzi somo mpaka akohoe mara mbili na kunyoosha karatasi kubwa ya ukutani, ambayo hujikunja tena akigeuka tu. Masikio yake ni meupe kwa chaki, maana hujikuna kila anapoulizwa swali. Neno "mashariki" hulivuta kama mtu aliyefika huko akarudi, ingawa juzi alipotea akitafuta stoo ya shule. "Kaskazini ni juu," husema, akigonga ramani kwa rula. "Mashariki ni kulia." Na kweli, anayejibu kushoto huishia kulia. Msichana wa dawati la mbele, ambaye mwalimu mwenyewe alimpachika jina la Kasuku kwa kutofunga mdomo, alilikariri somo hilo wiki nzima, mpaka asubuhi moja jua likaingia dirishani na kumchoma sikio. Alilishika sikio, akawaza, akanyoosha kidole. "Mwalimu, mbona jua linatokea kushoto?"

Mwalimu alitazama dirisha, akatazama ramani, akajikuna. Kisha alitembea taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kushindwa na mtoto, akavuta pazia. "Jua halifanyi mtihani Ijumaa," alisema. "Nyinyi ndio mtakaofanya. Haya, mashariki ni wapi?" Mikono ya kulia ikapanda yote. "Kulia," darasa likaitikia, na Kasuku naye akaitikia pamoja nao, sikio lake la kushoto lingali la moto.