Kuku Aliyetagia Mlangoni kwa Baba Mkwe

Nilipoolewa Ngana, enzi za Wajerumani, mama yangu alinipa mtetea mmoja. Mama alifariki kabla sijavuna mpunga wangu wa kwanza, kwa hiyo kuku yule ndiye pekee niliyebaki naye kutoka kwake. Na kuku huyo, katika boma zima, akachagua kutagia mlangoni kwa baba mkwe wangu, ndani ya chungu kilichopasuka, chini ya kiti cha mianzi alichokalia mzee kutwa nzima.

Sasa, kwetu Wanyakyusa mke wa mwana hamsogelei baba mkwe. Hamtazami usoni wala hasemi naye. Akisikia kikohozi chake njiani, anaingia migombani na kujifunika nguo mpaka apite. Mzee wangu hakuwa bahili wa vikohozi. Alikohoa hata alipokwenda kuchungulia mawingu tu. Mwaka ule niliijua migomba kuliko nilivyomjua mume wangu.

Kuku akaatamia. Siku moja alishuka kunywa maji, nikamkamata. Upanga wake wa kichwani, uliokuwa mwekundu, ulikuwa umepauka kama ufizi wa mgonjwa. Nikamfunua mbawa nikakuta utitiri, mwekundu, umeshiba. Nikaponda mmoja kwa ukucha, ikatoka damu. Wadudu wale hujificha kwenye nyufa, na chungu kile na kiti kile vilikuwa nyufa tupu. Kwa hali ile kuku wangu asingefika kuangua.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini baba mkwe anajikuna. Alikuwa akijikuna kwa majuma mengi, na nyumba nzima tulikwisha kubaliana kwamba ni uzee. Nikautazama ule ukucha, nikaona haya. Huenda damu ile haikuwa ya kuku peke yake, na sijasikia mke wa mwana aliyemkaribia mkwe wake kiasi hicho.

Mume wangu alikuwa safarini, amechukuliwa kubeba mizigo ya Wajerumani, kwa hiyo nikamwomba mama mkwe anisemee kwa mzee. Akakataa katakata. Alisema yeye hawezi kumwambia mumewe kwamba ana wadudu, na kwamba kuku wangu ni mvivu tu, kalelewa vibaya kwetu.

Siku ya tatu kuku hakushuka kula. Niliogopa kumpoteza kuliko nilivyoogopa mwiko. Nikasimama nyuma ya migomba, nguo kichwani, nikapaza sauti.

“Wewe kuku wa mama, utitiri unakumaliza damu. Umejaa kwenye hicho chungu na kwenye hicho kiti. Ungekuwa na mikono ungevichoma moto, kisha ukajipaka majivu.”

Kujikuna kukakoma. Nikajua nimekwisha, kesho narudishwa kwetu na kuku wangu kwapani. Kisha nikamsikia mzee, ambaye naye hakuruhusiwa kunisemesha, akimjibu kuku taratibu.

“Kuku, mwambie mwanangu nimesikia. Mwambie majivu ya jikoni kwake ni laini kuliko ya kwangu. Ayaweke njiani.”

Nikayaweka kwenye ungo, akakohoa, nikakimbia. Kiti kikachomwa pamoja na chungu, na mayai yakahamia kwenye kikapu kipya cha majani makavu. Kuku alipona, upanga ukarudia wekundu wake, akaangua vifaranga saba. Mzee naye akaacha kujikuna, na mama mkwe akatangaza kwa majirani kwamba uzee umempungua.

Mzee alifariki miaka mingi baadaye, na mpaka leo sura yake siijui. Siku ya mazishi watu walishangaa nilivyolia kwa mtu ambaye sikuwahi kumwona. Lakini tangu mama afe, ni yeye tu aliyeniita mwanangu, na mimi ndaga yangu, asante ya kwetu, nilimpa kuku amfikishie.