Mimi Sikuwa Likizo

Waliniletea beseni. La plastiki, jekundu, la kuogeshea mtoto, na ndani yake miche ya sabuni ya kiwanda chetu wenyewe na kofia ndogo ya kufuma. Dereva wa kiwanda alilitua mlangoni pangu hapa Bwiza, akatabasamu.

"Hongera, dada. Ofisi ya personeli inakupongeza kwa kuzaa."

Mwanangu alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika sketi yangu, anatafuna mkate. Ana meno. Anatembea.

"Nimezaa nani tena?" nikamuuliza.

"Mi wamenituma tu."

"Na kitenge changu kiko wapi?"

Akakuna kichwa. "Kitenge? Apana, dada. Kitenge ni cha wale wanakuja kazi."

Damu ilinipanda hadi masikioni.

Hapa Bujumbura, siku ya wafanyakazi, tunapita kwenye defile, gwaride mbele ya wakubwa. Kila kampuni inashona kitenge chake, maua yale yale kuanzia patron hadi anayefagia, na watu wa pembeni ya barabara wanakujua kwa nguo: huyu wa benki, yule wa sabuni. Baadaye watu wanakunywa uani mwa kiwanda, halafu patron anamtaja mfanyakazi wa mfano. Anasimama, anapigiwa makofi, anapewa redio au baiskeli. Ukiwa pale bila kitenge, wewe ni mtu aliyepotea njia.

Kazi yangu ni kupokea komande za sabuni, oda za wateja, kwa simu. Zamani nilikaa ofisini, kule kiwandani, Zone Industrielle. Nilipomaliza likizo ya uzazi, esanse, mafuta ya magari, ilikuwa imekosekana mjini, mabasi hakuna, watu wanatoka mtaa wa Mutanga Nord kwa miguu na kufika wamekwisha. Patron mwenyewe ndiye aliyetuambia, mimi na wenzangu wawili: chukueni simu, fanyieni kazi nyumbani. Tukachukua. Kuanzia hapo ninakoroga uji kwa mkono mmoja na kuandika komande kwa mwingine, jirani anatwanga sombe, majani ya muhogo, mtoto analia, na gari la sabuni halitoki depo kabla sijasema liende wapi. Lakini sikupita getini. Na kwa personeli, wanaotuhesabu wafanyakazi, asiyepita getini hajarudi kazini. Kumbe siku zote hizo mimi nilikuwa bado nimelala kitandani na kichanga!

Nikambeba mtoto mgongoni, beseni kichwani, nikaenda kiwandani kwa miguu.

Mlinzi aliniona kwa mbali. "Heh, mama! Umekumbuka njia?"

"Njia ninaijua. We ndiye umenisahau."

Shefu wa personeli alikuwa na vitenge vimekunjwa kwenye kabati nyuma yake. Nilivitazama nilipokuwa naongea. Sikumaliza hata kumsalimia, simu ya kazi ikalia.

"Zima hiyo kwanza, mama."

Sikuzima. Niliweka spika. Alikuwa mzee mmoja Mwarabu, mwenye duka la jumla, mteja wetu wa miaka mingi.

"Asalaam aleikum, mwanangu. Mbona sauti yako leo ni kali? Nani amekuudhi?"

"Shefu wangu, mzee."

"Mwambie aache. Niletee katoni kama zile za juzi."

Nikaandika. Shefu alikuwa anatazama ukuta.

"Sikiliza," akasema, "sisi tunaangalia nani anafika mapema, nani hakosi. Sasa wewe unafika wapi?"

"Kwa wateja."

"Hayo ni maneno. Tufanye hivi. Wiki hii njoo kila asubuhi, simama uani, watu wakuone. Kitenge nitakupa."

"Nikisimama uani, simu anashika nani?"

"Ni wiki moja tu!"

"Apana, shefu."

Beseni nililiacha juu ya meza yake, juu ya karatasi zake. Sikuomba radhi na sitaomba.

Mume wangu alisema ninatafuta kufukuzwa. "Kwa sababu ya nguo? Nitakununulia nyingine sokoni." Hakunielewa. Sikuwa nataka nguo. Nilitaka waseme mbele ya watu kwamba mimi ni mfanyakazi wao, kwa sababu kazi yao ninaifanya.

Siku ya defile nilivaa gauni langu la kanisani, la bluu, nikaingia katikati ya mstari wa kiwanda. Wanawake wa kufunga sabuni walisogea.

"Pita hapa katikati, tutakuficha."

"Msinifiche."

Nikapita mbele ya wakubwa na bluu yangu kati ya maua yao ya njano, shingo juu. Shefu aliniona. Angenitoa vipi pale, mbele ya mji mzima?

Uani, patron akamtaja mfanyakazi wa mfano: mlinzi. Hachelewi hata siku moja. Atachelewa vipi na analala pale pale getini? Watu walicheka, wakapiga makofi. Sina ubaya naye, lakini mikono yangu niliikunja. Patron akaiona.

"Mama, mbona hupigi makofi? Na kitenge umekiacha wapi?"

Watu wakageuka, chupa mikononi.

"Sikupewa, patron. Nimeambiwa bado niko likizo ya uzazi. Na huyo mtoto wa likizo juzi amenivunjia sahani akikimbia."

Wanawake wa sabuni waliangua kicheko. Patron hakucheka; alimgeukia shefu, na shefu akapata kitu cha kutazama kwenye viatu vyake.

"Njoo Jumatatu ofisini, tuongee."

"Jumatatu niko kazini, patron. Nipigie. Namba wateja wote wanayo."

Dada yangu, nilipomsimulia jioni, alishika kichwa. Hata mimi niliogopa, siwezi kudanganya. Lakini Jumatatu simu ililia: patron.

"Haya, unataka nini?" Hata salamu hakutoa.

"Vitenge vitatu, changu na vya wale wenzangu wawili wa simu, nao hawakupewa. Na mwaka ujao, kabla hamjamchagua wa mfano, waulizeni wanaonunua sabuni. Msiulize geti."

 Nilimsikia akiandika.

"La vitenge nimekubali, dereva ataleta leo. Hilo la pili nitalifikiria."

"Fikiria, patron. Ila subiri kidogo kwenye laini, kuna mteja anaingia."

Nikamsubirisha. Nilipomaliza na mteja, bado alikuwa ananingoja.