Wimbo Uliomposea Mwingine

Miaka ile ya hamsini tulichuma pareto kwenye shamba la Mzungu, milimani juu ya Mbeya. Asubuhi vidole vilikufa ganzi kwa umande, na yale maua yalitutoa vipele mikononi. Tuliimba ili tusilie. Tulikuwa Wasafwa, Wanyakyusa na Wasangu, kila mtu na lugha ya kwao, kwa hiyo tuliimba kwa Kiswahili cha kuokoteza. Nyimbo nyingi nilizitunga mimi, maana nilikuwa na mdomo.

Pareto yetu ilibebwa kwa lori hadi Iringa. Utingo wa lori lile nilimpenda mpaka nikajichukia. Aliniita dada, akanitania, akala viazi vyangu, basi. Masika barabara ikijaa tope lori lililala kwetu, nami nikatunga:

*Nyesha mvua, funga njia,*
*Gari lisishuke leo;*
*Mwenye safari nampenda,*
*Hajui, wala simwambii.*

Shamba zima liliuimba, hata yeye. Aliponiuliza ni nani huyo mwenye safari, nilimjibu kwamba ni wimbo tu. Akaondoka nao.

Kule Ipogolo, walipopumzisha lori kabla ya kupanda mlima wa kuingia mjini Iringa, palikuwa na msichana aliyeuza togwa. Akamwimbia huyo. Siku moja alirudi akinichekea tangu mbali.

"Dada, wimbo wako umenipatia mke."

Kisha akaniomba niuongoze siku ya harusi, kwa kuwa hakuzaliwa na ndugu wa kike. Nilikubali. Kukataa kungekuwa kusema yote, na kiburi ndicho kitu pekee nilichokuwa nimebakiwa nacho.

Wanawake wa upande wa bwana harusi tulijipanga nje ya kanisa, bado tuna vumbi la safari. Niliuanzisha wimbo. Bibi harusi alisimama mbele yangu akitabasamu kwa maneno niliyoyatunga nikilia. Nilimchukia, kisha nikaona aibu, maana hakunikosea lolote. Wimbo ulipokaribia kwisha, niliongeza ubeti ambao haukuwapo:

*Anuka mvua, kauka njia,*
*Gari lishuke, liende;*
*Mwenye safari nimemwacha,*
*Hajui, wala simwambii.*

Wenzangu wakaudaka, vigelegele vikapigwa. Bwana harusi alikuwa anapiga makofi na kucheka na dereva wake; hakusikia tofauti yoyote. Hapo nilijua kwamba imekwisha, na iliniuma kuliko nilivyotarajia.

Nilitaka kurudi kwenye lori nikakae peke yangu. Bibi harusi akanifuata, akanishika mikono yote miwili, ile yenye vipele, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya kwao.

"Asante, wifi," alisema. "Aliniambia dada yake ndiye aliyeutunga."

Nilimtazama. Alikuwa anamaanisha kila neno.

"Karibu nyumbani, wifi," nikamwambia.

Watoto wao wote waliniita shangazi, nami niliitika.