Kutu Niliyoisugua

Verlyn Haugstad alikuwa mtu mgumu kumuuzia kitu, na nasema hivyo baada ya kuuza vitu vilivyotumika kwa miaka ishirini na miwili, kwanza nyuma ya pikapu, kisha katika duka langu hapa Tollef, mashariki mwa Montana. Nauza vifaa vya watu wanaojijazia risasi wenyewe nyumbani: mashine, mizani, na zaidi ya vyote kalibu, zile silinda ndogo za chuma zinazolibana ganda la risasi lililokwisha kupigwa mpaka lirudi umbo lake, lipate kujazwa tena. Nyumba nyingi za wawindaji huku zina seti mbili tatu. Verlyn alikuwa na arobaini na moja.

Miaka thelathini na mmoja aliendesha greda la kaunti, akifagia theluji majira ya baridi na kusawazisha changarawe kiangazi. Hakuwa mtu wa maneno. Maneno yake yote aliyaweka akiba kwa ajili ya meza yangu. Kwenye maonyesho ya bunduki ya Miles City alikuja mapema, na tochi nyembamba kama kalamu, akafungua kalibu moja moja na kumulika ndani.

"Hii ina mkwaruzo. Kila ganda litakalopita humu litatoka kama shavu lililoparurwa na paka."

"Verlyn, sema polepole bwana. Kuna mtu nyuma yako ana pesa mkononi."

"Ndiyo maana nasema kwa sauti."

Nilizoea kuwaambia watu kwamba huyu si mteja, ni hasara iliyovaa kofia. Lakini masikio sikuyaziba. Kwake nilijifunza kwamba kalibu kuukuu iliyotunzwa inaishinda mpya iliyotupwa kwenye droo yenye unyevu. Nilijifunza kuangalia kwanza kama sindano ya katikati imenyooka, na kutochanganya kalibu za seti mbili hata zikifanana kama mapacha. Nilijifunza kuziosha kwa mafuta ya taa, kuzikausha, kuzipaka mafuta mepesi, na kuyafuta kabla ya kazi, kwa sababu mafuta yakibaki ndani yanalibonyeza ganda. Juu ya yote alinifundisha kuogopa vidole.

"Jasho ni chumvi, Lyle," alikuwa akisema. "Chuma ulichokigusa leo, kifute leo."

Kila nilipoitumia elimu ile nilipata faida. Sikumlipa hata kikombe cha kahawa.

Alikuwa na binti mmoja, Karna. Haya ya Karna niliyajua baadaye, lakini nayaweka hapa, mahali pake. Karna alikuwa na mikono ya jasho tangu utotoni. Alipofika miaka kumi na saba alinunua seti yake mwenyewe kwa mshahara wa kupalilia viazisukari, akaiandika K kwenye kisanduku cha kijani, akajaza risasi zake za kwanza, akaenda kukata majani ya ng'ombe wiki tatu bila kuifuta ile kalibu. Aliporudi, gumba lake lilikuwa limejichora ubavuni kwa kutu, mistari yote, mizunguko yote, kama alivyozaliwa nayo.

Baba yake alifoka. "Umeiharibu. Sasa hata polisi wakija watajua ni ya nani."

"Basi haitaibiwa," Karna akamjibu. "Baba, usiiguse. Hiyo ndiyo namba yake ya usajili."

Ndani kalibu ilikuwa nzima, kwa hiyo ilifanya kazi. Kila Novemba aliangusha paa wake kwa risasi zilizopita humo, na kila Novemba baba yake alimkumbusha asugue ile kutu. Kisha saratani ya damu ikamchukua Karna ndani ya msimu mmoja wa baridi, akiwa na miaka ishirini na sita.

Verlyn hakujaza risasi tena. Lakini alishuka kila siku kwenye chumba cha chini ya nyumba, akakaa mbele ya meza yake ya kazi, taa imewaka. Alizifuta kalibu za seti arobaini. Ile ya Karna hakuifuta. Hakumwambia mtu, hata mkewe Ardis, ambaye miaka yote hakuwa na haja ya kushuka kule ila kumwita chakula kikiwa tayari.

Ardis alivumilia miaka mitatu. Vuli ya mwaka 1994 Verlyn alikwenda Billings kubadilishiwa nyonga, na daktari akasema ngazi asizikanyage mpaka masika. Siku ya pili Ardis akanipigia simu.

"Lyle, njoo uondoe vyuma vyote vilivyoko chini."

"Verlyn anajua?"

"Atajua akirudi. Nataka mume wangu apande juu, akae na mimi. Kule chini kuna kaburi lenye taa."

Ningeweza kumwambia asubiri. Lakini mtu akikuita ununue halafu ukamshauri asiuze, kesho watoto wako watakula ushauri. Nilikwenda, nikakagua, nikataja bei ya chini, akaongeza, nikapunguza kidogo, tukamaliza. Nilipakia pikapu mara mbili.

Kesho yake nilianza kuosha. Kisanduku cha kijani nilikifikia kabla ya saa sita. Niliona kutu ubavuni mwa kalibu, doa la ukubwa wa gumba, nikajisemea, hata Verlyn amezeeka, kuna moja imemponyoka. Nikachovya stilwaya kwenye mafuta, nikasugua. Sikuangalia doa lilikuwa na umbo gani. Dakika nne, labda tano. Ilitoka ikimeta.

Verlyn aliporudi kutoka hospitali na kuambiwa, hakugomba. Alimwambia mkewe ni sawa, ni vyuma tu. Siku ya kumi alikuja dukani kwangu na mkongojo. Ardis alikuwa amemwendesha, akabaki garini na injini inaunguruma kwa ajili ya joto.

"Sitaki kuvirudisha," Verlyn alisema. "Biashara ni biashara. Nataka kimoja tu. Kisanduku cha kijani, kimeandikwa K. Useme bei, nitakulipa, sibishani."

Verlyn kutobishana bei. Hapo ningetakiwa kuelewa. Nilimtolea kisanduku nikiwa na furaha, maana nilikuwa nimeamua kumpa bure.

Alifungua. Aliitoa kalibu kwa vidole viwili, akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akaizungusha. Akaizungusha tena, polepole. Akaangalia kisanduku, kisha chuma.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Ilikuwa na kutu."

"Ilikuwa nayo, hapa ubavuni. Nimeitoa. Huwezi hata kujua ilipokuwa." Nilikuwa najisifu. Nasema ukweli, nilitaka mwalimu wangu anisifu.

Aliitafuta kwa ukucha. Alipitisha ukucha juu, chini, kama mtu anayetafuta mahali selotepu inapoanzia. Kisha akakaa juu ya kreti na kunieleza habari ya gumba, kwa sauti ile ile aliyotumia kueleza mikwaruzo. Ilimchukua muda mfupi. Mimi nilisimama tu na kitambaa mkononi.

"Verlyn, mimi sikujua."

"Najua hukujua. Ningekukuta umeiacha na kutu ningekuita mzembe." Aliifuta ile kalibu kwa shati lake, akairudisha kisandukuni. "Umeisafisha vizuri. Ndani pia?"

"Ndani pia."

"Vizuri."

Kengele ya mlango ikalia. Ardis alikuwa anaingia, anapangusa theluji viatuni.

Verlyn alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikuitegemea kwa mgonjwa. "Asijue," alisema chini chini. "Akijua aliuza nini, hatalala tena. Nipe kitu. Chochote." Akakisukuma kisanduku cha kijani kwangu, chini ya kaunta.

Nilichukua kilichokuwa karibu, mizani yake ya kupimia baruti, nikaigonga juu ya kaunta.

"Arobaini," nikasema kwa sauti.

"Arobaini ya nini? Hii mizani naijua, mkono wake unanata."

"Ulipokuwa kwako ulikuwa unanata. Mimi nimeutengeneza."

"Ishirini."

"Mzee, nenda kalale. Thelathini na tano."

Uso wake ulikuwa umelowa. Alikuwa amempa mkewe mgongo, na mimi niliyetazamana naye nilipaswa kucheka, nikacheka. Tulishuka mpaka ishirini na nane. Sijawahi kupatana bei na mtu huku nikitamani asiache kupandisha na kushusha, kwa sababu akiacha itabidi ageuke.

Alijipangusa kwa kofia, akageuka.

"Kwa hiyo ndicho ulichokuja kutafuta," Ardis alisema. "Nyonga ya wiki tatu, na umeshaanza kurudisha takataka nyumbani."

"Ni ya kupimia posta tu, Ardis. Barua zako."

"Barua zangu." Akanigeukia mimi. "Na wewe Lyle. Meza nzima uliinunua kwangu kwa bei ya kutupa, leo unamkamua mgonjwa ishirini na nane kwa kitu kimoja. Huna haya?"

"Biashara, Ardis."

"Biashara." Alimshika mumewe kiwiko, akambebea ile mizani. Mlangoni nilimsikia akimwambia kwamba jioni kuna supu ya mbaazi, na kwamba kiti chake amekisogeza karibu na dirisha. Verlyn akasema hiyo ni nzuri.

Alikaa kwenye kiti hicho majira matatu ya baridi, juu, na mkewe, kama Ardis alivyotaka. Wanasema alikuwa mtulivu. Mimi sikwenda kumwona, na kisanduku cha kijani kilibaki chini ya kaunta yangu. Kwenye mazishi yake Ardis hakunipa mkono, na kwa wanawake wa kanisani bado mimi ni yule mwizi wa mizani. Wameniharibia wateja wachache. Sijabisha.