Masizi kwenye Mlango wa Mwalimu Kagendo

Jeilani ni mtoto wa kaka yangu Abdulhalim, aliyekuwa fundi wa mashua Matondoni. Mwaka juzi alivuka akaja Kililana, akaomba kazi kwa Rufus, mwenye gereji. Rufus akampa mwezi mmoja wa kumjaribu. Mimi nakaanga mahamri hapo hapo kando ya gereji, kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

Mwezi ulipokaribia kwisha likaletwa gari la Mwalimu Kagendo. Ubao wa ndani wa mlango ulikuwa unaning'inia. Vishikizo vitatu vya plastiki nyuma yake vimekatika. Jeilani akachonga vipya kutoka plastiki ya gari bovu, akavibandika kwa kukadiria na jicho. Asubuhi ya siku ya mwisho akausukuma ubao mahali pake. Ta! Ta! Ta! Vyote vikavunjika, maana havikuelekea matundu ya mlango.

Rufus akacheka. "Fundi wa mashua, hii haielei baharini! Mwalimu anakuja saa kumi. Mlango ukilialia, kesho urudi kwenu."

Jeilani akaja kwangu uso umemshuka. "Shangazi, watu wote wamesikia."

"Na wasikie. Babako, ubao wa mashua ukikataa kukaa, aliupiga nyundo?"

Aliangalia karai langu. Akakwangua masizi chini yake, akayachanganya na mafuta kidogo, akapaka ukingo wa kila tundu lililokosa kishikizo. Akauegemeza ubao taratibu, akautoa. Nyuma yake viduara vyeusi vitatu. Ndivyo babake alivyojua ubao unagusa wapi. Nimeyaona hayo tangu sijaolewa.

"Sasa unapaka gari la watu masizi?" Rufus akapiga kelele.

"Bwana Rufus, ndia yake si nguvu," Jeilani akasema; njia, kwetu ni ndia.

Akachonga vishikizo vingine, akavibandika katikati ya viduara, safari hii kwa gundi kali ya kuchanganya mirija miwili, na hakumruhusu mtu kugusa mpaka alasiri. Kisha akausukuma ubao. Ukaingia.

Mwalimu alipofika, Rufus mwenyewe aliubamiza mlango mara tatu. Ubao haukulialia.

"Mbona fundi wako ana vidole vyeusi hivyo?" Kagendo akauliza.

"Ndio kazi yake, mwalimu." Akamgeukia Jeilani. "Kesho uje mapema. Na masizi yako."

Nikamwambia Rufus masizi ni yangu, ayaombe kwangu.