Sketi Iliyopanda Mlingotini

Nakumbuka vizuri ile Alhamisi ya vumbi, mwanangu, na hadi leo upepo ukivuma kwa nguvu mimi huinua macho kutafuta mlingoti.

Nilikuwa na mwezi mmoja tu kazini, mhudumu wa ofisi ya kata huko Meatu, njia ya kwenda Bukundi. Nilifagia, nikachemsha chai, nikapandisha bendera saa kumi na mbili asubuhi na kuishusha saa kumi na mbili jioni. Mama alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba binti yake sasa ni mtu wa serikali. Ningefukuzwa, angeuweka wapi uso wake?

Tukaambiwa kesho mkuu wa wilaya anakuja. Nikaitazama bendera, imejaa vumbi. Haraka haraka haina baraka, lakini nani angenishika? Nikaishusha saa nane mchana bila kumuuliza mtu, nikaifua, nikaianika juu ya ua wa minyaa kama shuka, nikaenda kisimani. Niliporudi, ndama wa jirani alikuwa anaitafuna. Wewe umekulia Bariadi mjini, pengine hujui: ndama mwenye hamu ya chumvi hutafuna hata kanga. Mimi mtoto wa wafugaji nililijua hilo tangu utotoni. Nikamnyang'anya, lakini kona ya buluu ilikuwa imeliwa.

Nililia. Kisha nikafanya baya zaidi. Nikakata kipande cha sketi yangu ya shule, buluu iliyokolea kuliko ya bendera, nikashona kiraka.

Asubuhi nikaipandisha. Filimbi ikalia, watu wakasimama kama ilivyo desturi: wa baiskeli wakashuka, mama mwenye ndoo akatulia, mchunga ng'ombe akavua kofia. Wote wakatazama juu, na upepo ukakikunjua kiraka changu chote. Nikaushika mlingoti kwa mikono miwili.

Mpuliza filimbi alikuwa tarishi wetu, mzee Masanja. Aliwangoja watu waendelee na safari zao. Walipoondoka akanisogelea.

“Ng'wana wane, mwanangu, hiyo sketi ni ya nani?”

“Yangu, babu.”

“Basi watu wamevua kofia kwa sketi yako.”

Nilitamani ardhi inimeze. Akaendelea polepole: “Bendera kuharibika si ajabu, kitambaa ni kitambaa. Ishushe taratibu, isiguse chini, uikunje. Halafu nenda kwa mtendaji wa kata ukamwambie mwenyewe, kabla mgeni hajafika. Nikienda mimi nitakuwa nimekushitaki.”

Kutoka mlingotini hadi mlango wa mtendaji ni hatua thelathini. Nilizihesabu, na mara mbili nilirudi nyuma. Nilipomwambia, alifoka mpaka chai ikapoa. Mgeni alipokuja akaukuta mlingoti mtupu, akauliza sababu, na mtendaji akaninyooshea kidole. Nikasimulia tena, mbele ya watu wote. Mkuu wa wilaya akauliza, “Na ndama, mzima?” Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Niliandikiwa barua ya onyo, kazi ikabaki.

Sasa Jumatatu unaripoti ofisini Malampaka, na bendera itakuwa mikononi mwako. Nina wasiwasi, sikufichi. Ipandishe jua linapochomoza, kijani juu, buluu chini. Siku ya msiba ifike kwanza kileleni ndipo uiteremshe nusu mlingoti. Isianikwe uani, isifanywe kitambaa cha meza, na ikichakaa au kuchanika usiitie kiraka: ishushe, utoe taarifa, iletwe nyingine. Ukisikia filimbi, simama, hata kama umechelewa na simu inaita.

Lakini hayo utayasoma hata ukutani. Ninalokuombea ni jingine. Mficha maradhi kifo humuumbua. Siku utakapokosea, na utakosea, usikae chini kutafuta sindano na uzi. Tembea hatua zako thelathini.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mikono isiyotetemeka kwenye kamba, na siku ikitetemeka, akupe mdomo wa kusema.